Maji Chini ya Petroli

Sura ya Saba

"Usipitishe waya hapo, Afande. Puliza."

Inspekta Vololona Andriantsoa aliuchomoa waya kwenye kitundu cha kabureta, akamgeukia aliyesema. Fundi Ratsimba alikuwa ameketi juu ya tairi kuukuu katika ua wa kituo, pingu mikononi, ukungu wa Julai umemlowesha nywele.

"Kwa nini nisipitishe?"

"Waya unakwangua. Kitundu kikipanuka tu, gari litakunywa mafuta kama mjomba wangu anavyokunywa kwenye sherehe za watu. Puliza kwa mdomo, taratibu."

"Na huyu Rafidy, yeye alipulizwa na nani?"

Fundi akainamisha kichwa. Hakuwa na mzaha tena.

Gari lililokuwa mbele yao lilikuwa Reno 4 ya rangi ya maziwa, teksi iliyozaliwa kabla ya Inspekta mwenyewe. Dereva wake, Rafidy, alikutwa juzi kwenye jaruba la mpunga chini ya Kona ya Makaburi, barabara ya kupanda Ambohitsoa, kichwa kimepasuliwa kwa jembe. Kabla yake alikutwa dereva mwingine, Mamonjy, pale pale, hivyo hivyo. Wote wawili walikuwa wamebeba abiria wa kwenda kijijini kuwafukua wazee wao makaburini na kuwavisha sanda mpya za hariri, kazi ya kila msimu wa baridi. Sanda hizo za bei kubwa hazikuonekana. Abiria nao hawakuonekana, na hilo ndilo lililomnyima Inspekta usingizi. Magari yote mawili yalizimika kwenye kona ile ile, na kabureta zote mbili zilikuwa zimetoka kusafishwa na mikono ya mtu mmoja.

Huyo mwenye pingu.

Kamishna alishakata shauri. Mtu anayejua gari litazimikia wapi ndiye aliyelizima, alisema, na Ratsimba apelekwe mahakamani mchana huo huo kwa mauaji. Waliokwisha kupelekwa huko kwa mauaji msimu huu hawakuwa wamerudi kula wali nyumbani.

"Nifungue bakuli?" Inspekta aliuliza.

"Skrubu ya chini. Weka kitu ukinge."

Aliweka glasi ya chai. Kilichotoka kwenye bakuli la kabureta kwanza hakikuwa na rangi yoyote, kisha kikawa na rangi ya petroli. Kwenye glasi vikajipanga viwili: petroli juu, njano kidogo, na chini yake kitu kiangavu kinachotetemeka kama jicho la samaki.

"Kitendawili," Ratsimba alisema kwa sauti ya chini.

"Tega."

"Wawili wamelala kitanda kimoja, asubuhi hakuna aliyemgusa mwenzake."

"Maji na petroli," Inspekta alijibu. "Hicho hata mtoto angekitegua. Nipe kigumu. Maji yaliingiaje?"

"Kamishna anasemaje?"

"Anasema mvua."

"Julai? Mvua gani, Afande, ya machozi yangu?"

Inspekta hakucheka, lakini kalamu yake ilisimama. Alizunguka upande wa abiria akafungua mlango. Chini, mahali pa kuweka miguu, kilikuwa kidumu cha plastiki chenye mpira uliopenya ukutani kwenda kwenye injini. Teksi zote kongwe za mjini zilikuwa hivyo. Matangi yao yaliliwa na kutu zamani, na ukitegemea mafuta ya tangi kama lile, kabureta itakula kutu kuliko petroli. Basi dereva hununua kidogo kidogo, anatia kwenye kidumu, anakiweka miguuni pa abiria, na safari inaendelea.

"Rafidy alikuwa mzembe?"

"Rafidy?" Fundi aliinua uso. "Yule alikuwa anakagua kidumu kuliko alivyomkagua mkwe wake. Niliwafundisha wote wawili. Kila ukijaza, nyanyua kidumu, kielekeze kwenye mwanga. Maji yako chini, utayaona. Ukiyaona, mwaga. Mafuta chuja kwa soksi safi. Mpira ukianza kupasuka, tupa, usiufunge kamba. Usingoje kidumu kikauke, takataka zote zimelala chini. Na jioni ukifika nyumbani, fungua hiyo skrubu, bakuli litoe uchafu wake. Mamonjy alikuwa ananiita mama mkwe kwa jinsi nilivyomsumbua."

"Kwa hiyo kidumu alikiangalia."

"Alikiangalia. Naapa kwa kaburi la baba yangu."

Inspekta aliinama, akalishika gunia lililotandikwa chini ya kidumu. Lilikuwa limelowa. Alilipeleka puani. Halikunuka petroli, lilinuka gunia tu. Gari lilikuwa limelala usiku mzima kwenye ukungu milango wazi, hivyo aliandika "unyevu" akaliacha.

"Swali la mwisho," alisema. "Mtu akitia maji kwenye kidumu sasa hivi, gari linazima hapo hapo?"

"Hapana. Kwenye bakuli kuna petroli ya akiba. Barabara tambarare, utakwenda kwenda. Ya kupanda, unaimaliza haraka. Ukitoka bondeni kwa Bibi Raketaka, pale wanapouza mafuta, mpaka Kona ya Makaburi. Hapo ndipo linaanza kukohoa."

"Unapajua vizuri mno, Fundi."

"Ni kazi yangu kupajua," Ratsimba alisema. "Ndiyo maana nimefungwa."

* * *

Gari la polisi halikuwa na mafuta ya kufika bondeni kwa Bibi Raketaka. Sajenti alisema hivyo bila aibu, akipasha mikono yake moto juu ya jiko la makaa.

Kwa hiyo walipanda gari la Ratsimba mwenyewe, Reno 4 nyingine, iliyofungwa mlango mmoja kwa waya. Inspekta alimvua pingu ili aendeshe, akazitia mfukoni. Yeye mwenyewe alivua koti la kazi, akajitanda shuka jeupe mabegani kama mwanamke anayekwenda kwa wazee wake, na kiti cha nyuma akalaza mkeka uliokunjwa, ndani yake mablanketi mawili ya kituo. Ukiutazama kwa nje ungedhani umebeba sanda. Alitaka kuona nani angeutazama, na kama mafuta ya huyo muuzaji wa bondeni yana maji. Chini ya shuka alishika bastola.

"Ukijaribu chochote..."

"Afande, gari hili kwenye mlima linapitwa na bata. Nikimbie nalo kwenda wapi?"

Walitoka mjini. Ukungu ulikuwa umekaa juu ya majaruba, mchana ule wenye mwanga lakini hauna jua, mikaratusi inaonekana nusu. Kila mteremko Ratsimba alizima injini, akaliacha gari litiririke kimya, kama madereva wote wafanyavyo kuokoa petroli. Katika kimya hicho Inspekta aliisikia pumzi yake mwenyewe. Alimwangalia yule mtu mikono, si uso. Mikono haikutetemeka. Hilo nalo halikumfurahisha.

Bondeni palikuwa na kibanda cha mabati, chupa za petroli zimepangwa mbele, na jiko la kukaangia vitumbua vya mchele. Bibi Raketaka alikuwa mwanamke mdogo, mweupe kichwa kizima, anacheka hata kabla hujasema. Mwanawe Solo, mtu mzima mwenye mabega mapana, alitoka na faneli.

"Ratsimba! Walisema umefungwa!"

"Wamenichoka, Bibi. Nakula sana."

"Na huyu ndiye mke mpya? Mbona kanuna?"

"Huyu? Huyu hata nikimlipa hanitaki."

"Ana akili basi. Karibu, binti yangu, kula kitumbua. Mnakwenda kufukua?"

"Baba yangu mkubwa," Inspekta alisema. "Anasikia baridi huko aliko, amekuja ndotoni."

"Maskini. Wakisikia baridi hawaachi mtu alale." Jicho la Bibi lilikwenda kwenye mkeka, likarudi. Halikukaa hata kidogo. Muuzaji yeyote angetazama hivyo.

Solo alijaza kidumu. Ratsimba alikichukua, akakinyanyua kwenye mwanga, akakizungusha. Inspekta naye alitazama. Petroli ilikuwa safi toka juu mpaka chini. Hapakuwa na jicho la samaki. Ratsimba alikirudisha mahali pake, akaziba mdomo wa kidumu kwa kitambaa, mpira ndani.

Mafuta ya hapa hayana maji, Inspekta alijiambia, na kamba iliyokuwa imemfunga fundi ikakazika kidogo.

"Kitendawili!" Bibi alisema ghafla, kama watu wanaoagana.

"Tega," Inspekta alijibu. Humkatalii mtu mzima kitendawili.

"Nina milango miwili haina komeo. Naifunga mwenyewe, naifungua mwenyewe, na sijawahi kuisikia ikigonga."

Inspekta alifikiri. Vitumbua vilikuwa vinachirizika mafuta jikoni. "Imenishinda, Bibi."

"Nipe mji!"

"Haya, nakupa Toamasina."

"Mvua kila siku, nitaota uyoga. Nipe mwingine."

"Nakupa Antsirabe."

"Antsirabe kuna maziwa. Nimeupokea!" Bibi alipiga makofi, akacheka mpaka akajishika kiuno. "Jibu utalipata ukirudi."

"Bibi, mji umeshachukua."

"Ukirudi, binti yangu. Njoo kwanza. Mtakwendaje kwa wazee bila baraka?"

Alikuwa tayari ameshika kikombe cha maji. Ratsimba alivua kofia. Inspekta akatoka garini, akasimama karibu naye, wakainama. Bibi alichovya vidole, akawanyunyizia vichwani, akiomba kwa sauti nyembamba: wafike salama, wasikwame, wazee wawatambue. Maji yalikuwa baridi kama chuma. Mtoto wa nyanda za juu akibarikiwa hafungui macho. Ni utovu wa adabu kama kumtemea mtu mate. Inspekta alifumba yake, na kwa muda ule mfupi akasahau hata bastola.

* * *

Barabara ilianza kupanda mara tu walipovuka daraja. Injini ililia kwa gia ya chini. Ukungu ulishuka kuwalaki.

"Sasa umeona," Ratsimba alisema. "Mafuta yake hayana kosa. Basi mimi ndiye niliyebaki."

"Nyamaza uendeshe."

Inspekta alisogeza miguu. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimelowa. Aliinama, akagusa gunia chini ya kidumu, akanusa vidole.

Havikunuka petroli.

"Fundi. Gunia hili lilikuwa limelowa asubuhi?"

"Langu? Kavu. Nililianika jana kabla hawajanikamata."

"Hujamwaga maji humu?"

"Maji ya nini humu?"

Alikaa wima. Alilikumbuka gunia la Rafidy na lile neno aliloliandika. Unyevu.

"Ulikitazama kidumu," alisema polepole. "Ukakiona safi. Nami nilikiona. Halafu?"

"Halafu nikakirudisha."

"Halafu?"

"Halafu kitendawili chenu."

"Halafu?"

Ratsimba alifungua mdomo. Mkono wake uliteleza kwenye usukani, akaurudisha.

"Halafu tukabarikiwa," alisema.

"Solo alikuwa wapi wakati wa baraka?"

"Sijui."

"Mimi pia sijui. Ulikuwa umefumba macho, nami nimefumba. Rafidy alifumba. Mamonjy alifumba, na abiria wao wote. Macho ndiyo milango isiyogonga, Fundi. Yule bibi alinitegea usoni pangu. Akachukua mji, akakataa kutoa jibu. Umewahi kuona mtu apewe mji akatae kutoa jibu?"

"Hapana."

"Hakutoa kwa sababu waendao huku hawarudi."

Injini ikakohoa.

Ilikohoa mara moja, kama mtu anayesafisha koo kabla ya hotuba. Ratsimba alikanyaga mafuta. Gari lilirusha kichwa, likashika, likakohoa tena. Mbele yao, kulia kwa barabara, mawe meupe ya makaburi ya familia yalianza kutoka kwenye ukungu.

Gari likazima.

Kikabaki kimya kile cha mteremko, ila safari hii walikuwa wanatazama juu, na Ratsimba alikuwa amesimama juu ya breki kwa mguu mzima.

Inspekta alitoa bastola. Hakuwa na hakika aielekeze wapi. Mtu aliyekuwa karibu naye alijua gari litazimikia hapa, alisema hivyo kwa mdomo wake, na limezimika hapa. Je, kama yeye na Bibi ni kitu kimoja? Je, kama ni yeye aliyelowesha gunia?

"Si mimi," Ratsimba alisema bila kugeuka. Jasho lilikuwa linamtoka katika baridi ile. "Afande, si mimi. Tazama pale."

Alionyesha kwa kidole alichokikunja, maana kaburi halinyooshewi kidole, na hata katika hofu ile hakukinyoosha. Inspekta akatazama. Juu ya jiwe la kaburi la kwanza walikuwa wamekaa watu wawili, majembe magotini.

Wamekaa juu ya kaburi. Hakuna mwombolezaji anayekaa juu ya kaburi, hata mlevi hakai. Wale hawakuwa wamekuja kwa ajili ya wafu wowote. Walikuwa wanangoja, na kwa jinsi mmoja alivyojinyoosha, walikuwa wamezoea kungoja hapo.

Wakashuka. Hawakukimbia. Watu wenye uhakika na gari lililokufa hawakimbii.

"Unaweza kuliwasha?"

"Bakuli limejaa maji. Nifungue boneti, nilitoe, nichote petroli ya juu..."

"Hatuna muda huo."

"Basi turudi nyuma. Nikiachia breki litashuka lenyewe. Lakini ukungu, sioni kitu nyuma, na kushoto ni shimo." Akamtazama kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Lazima uwe macho yangu, Afande. Lazima uwape kisogo wale."

Na kukupa kisogo wewe, Inspekta alifikiri.

Jembe la kwanza lilipiga boneti. Mlio wake ulipita kwenye meno.

Alirudisha bastola, akageuka, akapiga magoti juu ya kiti, uso kwenye kioo cha nyuma. "Achia!"

Gari lilitetemeka, likaanza kwenda kinyumenyume, taratibu kwanza. Vishindo vya miguu vilikuja mbio, mkono ukashika kioo cha mlango uliofungwa waya, ukavuta, waya ukaguna. Halafu mteremko ukalichukua gari, mkono ukabaki.

"Kulia! Kulia kidogo! Nyoosha. Sasa kushoto, usizidishe! Usizidishe, mama yangu!"

"Mama yako hayupo, niambie mimi!"

"Nyoosha! Kuna jiwe, kulia!"

Tairi moja lilikanyaga hewa. Inspekta alilisikia, alisikia mawe yakidondoka chini, mbali, kwenye maji ya majaruba. Likarudi barabarani. Nyuma yao, yaani mbele, vishindo vilipungua, kisha vikamezwa. Ukabaki upepo tu, na matairi yakinong'ona kwenye udongo.

"Usiguse honi," alisema kwa sauti ya chini. "Wala usiongee. Lishushe mpaka kibandani."

Ratsimba alielewa. Alilegeza breki.

Daraja lilipita chini yao. Barabara ikalala tambarare, gari likapunguza mwendo, na harufu ya vitumbua ikaingia. Lilitoka kwenye ukungu kinyumenyume, bila injini, bila sauti, likasimama lenyewe nyuma ya kibanda cha mabati.

Mbele ya kibanda palikuwa na teksi nyingine ya rangi ya maziwa. Baba, mama na binti yao walikuwa wamesimama kando yake pamoja na dereva, vichwa chini, macho wamefumba, matone ya maji yakiwateremka mashavuni. Kwenye kiti cha nyuma ulikuwa umelala mkeka mpya. Bibi Raketaka alikuwa ameinua vidole, anawaombea wasikwame. Na upande wa pili wa gari, mlango wa abiria uko wazi, Solo alikuwa amejipinda ndani, kitambaa cha kidumu mkononi, akimimina maji kutoka kwenye birika, taratibu, kama mtu anayemwagilia ua.

Inspekta alishuka. Alikanyaga kwa vidole. Solo alipohisi baridi ya chuma shingoni hakupiga kelele. Birika ndilo lililoanguka.

Bibi alikatiza maombi. Aligeuka, na kicheko kilikuwa bado usoni pake, kimesahau kuondoka. Alimtazama Inspekta, akamtazama Ratsimba aliyekuwa anakuja nyuma yake, akiwa ameshika zile pingu, alizokabidhiwa na Inspekta waliposhuka, amezielekeza kwenye mikono ya Solo.

"Fumbueni macho," Inspekta aliwaambia wale wanne. "Fumbueni, na mtazame kidumu chenu."

Kisha akamsogelea mwanamke yule mdogo, mweupe kichwa kizima, mwenye vidole vinavyodondosha maji.

"Nimerudi, Bibi," alisema. "Nataka mji wangu."